Weupe kwenye Kabichi za Mama

Enzi zetu, jani lilipougua lilishikwa kwanza kabla ya kupewa dawa. Lilishikwa, likageuzwa, likanuswa, na mtu mzima alilitazama kama anavyotazama ulimi wa mtoto mwenye homa. Wenzangu mliokulia Newala na Masasi wakati picha ya Malkia ingali imetundikwa juu ya ubao wa darasa, mtakubaliana nami kwamba hatukuwa na haraka ya vijana wa leo, ambao wakiona doa jeupe pembeni mwa shamba, bomba la dawa limekwisha panda mgongoni. Lakini nisiwaseme sana. Haraka nami niliwahi kuwa nayo, na nusura ing'oe bustani ya mama yangu.

Tulikaa Chilangala, juu kabisa, ambako ardhi ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote na kuificha mbali. Chemchemi zilikuwa chini ya mteremko. Wanawake waliondoka jogoo wa kwanza, madebe kichwani, wakangoja zamu ya kuteka kwa kata, kisha wakaupanda mlima jua likiwa limekwisha kuwa kali. Juu ya kila debe lilielea tawi la majani ili maji yasiruke njiani. Yakifika nyumbani, yalikuwa na safari nyingine. Yaliyonawisha uso yaliosha masufuria, na yaliyoosha masufuria yalikwenda kwenye mpapai. Ya sabuni yalimwagwa kwenye njia ya siafu. "Maji hayamwagwi, hupokezanwa," Mama alikuwa akisema. Mtoto aliyeangusha kikombe kwa kiwiko alijua kwamba afadhali angevunja sahani.

Mama alikuwa amesoma bweni la wasichana la misheni, Masasi, na kutoka huko alirudi na mambo mawili ambayo kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo: kutia nguo wanga, na kupanda kabichi. La kwanza lilipata heshima upesi. Vitambaa vya altare na kanzu nyeupe za kanisa letu vilipita mikononi mwake, vikatoka vimesimama wima kama mabati. La pili lilichekwa. Mwaka ninaousimulia, nilipokuwa na umri kama wa miaka kumi, alikuwa na kabichi thelathini na sita kwenye matuta matatu nyuma ya jiko. Nilizihesabu kila siku, kwa hiyo sikosei.

"Mama Hilda," jirani yetu Mama Zainabu alimwambia akiegemea uzio, "sisi tunapanda mlima na maji kichwani, wewe unayanywesha majani! Kisamvu kinaota chenyewe, hakijaomba hata tone."

"Kisamvu hakifungi kichwa," Mama alijibu.

"Ehee, na mimi nile kichwa cha nini? Changu mwenyewe kinaniuma."

Walicheka wote wawili. Baba hakucheka. Alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu wa maneno machache, na neno lake likishatoka lilikuwa kama nyumba iliyojengwa. "Nakupa kipupwe hiki kimoja," alimwambia Mama. "Zikifunga, tutakula. Zikifa, sitaki tena kuona tone la maji ya nyumba hii likienda kwenye majani ya Wazungu."

Mama aliitika. Lakini siku hiyo, tukiwa tunamenya muhogo, aliniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. "Tangu nitoke Masasi, mwanangu, wote wananijua kwa pasi. Nilifundishwa na mengine. Nataka na hili lionekane."

Kipupwe cha kwetu mnakikumbuka. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya uwanda hata humwoni mbuzi wako mwenyewe, unamsikia tu akitafuna. Tulikwenda shule tukipulizia vidole, na kibao cha kuandikia kilikuwa baridi kifuani kama jiwe la mtoni. Mchana tulikula ugali wa muhogo na mbaazi, na msimu ulipotukubali, ming'oko iliyochemshwa, ambayo watoto wa siku hizi wakiletewa huuliza kama ni mizizi. Ndiyo, ni mizizi. Ilitulea.

Wanga wa Mama ulitoka kwenye muhogo huohuo. Aliuparuza kwenye bati lililotobolewa kwa msumari, akauchanganya na maji, akauchuja kwa kitambaa, na maji yake meupe akayaacha yatulie ndani ya beseni. Wanga hushuka taratibu na kukaa chini kama udongo mweupe. Juu hubaki maji safi. Maji hayo safi ndiyo yaliyokuwa fungu la kabichi, na kazi ya kuyapeleka ilikuwa yangu, jioni, mara mbili au tatu kwa juma. Agizo lilikuwa fupi. Nisubiri mpaka maji yawe kama machozi. Niteke juu kwa kata ya kibuyu bila kutikisa beseni. Nimwagie kwenye shina, jani lisiguswe. Kabichi sita zilizokuwa karibu na ukuta wa jiko alizimwagilia Mama mwenyewe kwa maji ya kusuuzia mboga. Zangu zilikuwa thelathini.

Sasa, kutulia kwa wanga kunataka muda, na jioni ya mtoto ni fupi. Nje, Zainabu na wenzake walikuwa wamekwisha chimba kishimo cha mdako na kukijaza vijiwe. Nilisikia wakihesabu. Nilisikia Zainabu akiniita, "Hilda, ukichelewa unaanza mwisho!" Basi nilitazama beseni, nikaona limetulia kidogo, nikajiambia kidogo kinatosha. Nilibeba beseni zima, nikapita kwenye matuta nikimwaga huku natembea, nikabakiza matope ya chini tu, nikakimbilia mdako. Nilikuwa hodari wa mdako mwaka ule. Naomba hilo nalo liandikwe.

Mama aliposhika wanga uliobaki alishangaa. "Muhogo wa mwaka huu hauna kitu," alisema. "Naparuza vilevile napata nusu."

Baada ya majuma mawili weupe ulionekana. Ulianzia kwenye majani ya chini, madoa kama ya chokaa, kisha ukapanda. Mama alipiga magoti, akageuza jani. Chini ya jani hapakuwa na wadudu wala ngozi zao walizojivua, zile zinazofanana na pumba. Alinusa, akatikisa kichwa. Mama Zainabu alileta majivu akayanyunyizia, maana majivu yamefukuza wadudu tangu zama za mababu. Lakini majivu nayo ni meupe, kwa hiyo kesho yake hatukujua tena kipi ni ugonjwa na kipi ni dawa. Shemasi mmoja mzee akaleta maji ya tumbaku. Kabichi zikanuka kama mfuko wa ugoro na weupe ukabaki palepale.

Mimi nilikuwa na dawa yangu. Nilifikiri kwamba kilicho juu ya jani huondoka kwa kuoshwa. Sikumwambia mtu. Jioni, kwa maji yaleyale ya beseni, nilianza kuziosha kabichi kutoka juu, jani kwa jani, kwa huruma kubwa. Kila nilipoziosha zilizidi kuwa nyeupe, na kila zilipozidi kuwa nyeupe niliziosha zaidi. Nimesoma vitabu vingi vya kilimo tangu hapo, bila mwalimu, kwa mwanga wa dirisha na kwa kamusi, na sijakuta mahali palipoelezwa kosa hilo kwa usahihi kama ninavyolijua mimi.

Jumatatu moja akaja bwana shamba kwa baiskeli. Alikuwa kijana, ametoka mafunzoni karibuni, soksi zake zimepandishwa mpaka magotini. Alikuja kutazama mikorosho, lakini Mama alimwomba aone bustani. Alisimama pembeni ya tuta, hakuinama sana.

"Mama, hii ni kuvu. Unaona ukungu wa asubuhi? Kuvu hupenda unyevu."

"Na hizi sita za ukutani mbona nzima, Bwana Shamba?"

"Haijazifikia. Zing'oe zote, uzichome moto, kabla haijatembea kwa jirani. Nakwenda Kitangari, Jumamosi nitapita tena, nisikute kitu."

Simlaumu. Kuna kuvu ya namna hiyo, leo huitwa ubwiri unga, na aliyefundishwa ugonjwa mmoja huuona kila mahali. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alimshukuru mgeni, akamtakia safari njema, kisha akamwambia Mama, bila ukali, "Umesikia." Mama akasema amesikia. Akaenda kuketi jikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona ameshika jembe mkononi bila kulifanyia kazi.

Hakung'oa siku ile. Hakung'oa Jumanne. Alisema atang'oa Ijumaa, ili ziishi mpaka siku ya mwisho.

Jumatano nilijikata mguu kwa jembe shambani, nikapelekwa zahanati ya misheni. Dresa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipaka aidini, ile dawa ya rangi ya kahawia iliyokuwa inatufanya tulie kabla ya kuguswa. Mkononi nilikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha nilichopewa ili ninyamaze. Niliruka, tone likadondoka kwenye muhogo. Pale lilipodondoka pakawa bluu iliyokolea, karibu na nyeusi.

"Usile hapo!" dresa alinikataza, akakata kipande hicho kwa kisu. "Dawa hii ikikuta wanga hugeuka hivyo. Ugali, wali, muhogo, vyote. Mahali pasipo na wanga hubaki kahawia."

Nililia kidogo zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeanza, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nafikiria beseni. Nilifikiria maji meupe, na nusu ya wanga iliyopotea, na kabichi sita za ukutani ambazo mkono wangu haujawahi kuzimwagilia.

"Mzee, naomba nami unitilie kidogo kwenye chupa."

"Unakwenda kumtibu nani?"

"Kabichi."

Alicheka hadi miwani ikashuka puani. Lakini alinipa: chupa ndogo, yenye matone labda kumi chini, imezibwa kwa pamba. "Chupa niirudishiwe," alisema. "Na kabichi ikilia, usimwambie mtu kwamba ni mimi."

Nilichechemea mpaka nyumbani, nikaingia bustanini peke yangu. Tone la kwanza nililiweka kwenye doa jeupe la kabichi yangu. La pili kwenye kabichi ya ukutani, jani safi. La tatu kwenye majivu yaliyobaki pembeni mwa tuta, maana majivu nayo nilitaka niyatoe kwenye hesabu. Nikasubiri. Safari hii nilisubiri. Jani safi likabaki kahawia, majivu yakabaki uchafu tu. Doa langu lilikuwa limegeuka bluu nyeusi hata kabla sijaziba chupa.

Mtoto akigundua jambo kubwa hutamani kupiga kelele. Mimi nilitamani nisingejua. Dawa ilikuwa imenionyesha ugonjwa, na ikanionyesha aliyeuleta alikuwa nani. Ningenyamaza, kabichi zingechomwa Ijumaa na siri ingeungua nazo. Nilikaa kwenye ukingo wa tuta mpaka jua likaegemea, kisha nikaenda jikoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mguu?"

"Haujambo. Mama, si kuvu. Ni wanga."

Nikamwonyesha. Aliinama juu ya lile jani muda mrefu. Alichukua chupa akaweka tone lingine mwenyewe, kwenye kabichi nyingine, akatazama rangi ikifika. Kisha akauliza, akiwa bado ameinama:

"Maji uliyamwaga yakiwa kama machozi?"

"Hapana, Mama."

"Yalikuwa kama nini?"

"Kama maziwa."

Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga. Alikaa chini, akaweka mkono mdomoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. "Thelathini," alisema. "Nimezitia wanga kabichi thelathini. Imebaki kuzipiga pasi."

Dawa ya wanga si siri kwa mfuaji. Ni maji safi, na kitambaa laini. Lakini maji safi kiasi gani? Mama alipima kwa kabichi moja: bakuli mbili kulilowesha gamba la wanga, bakuli moja kulisuuza. Kwa thelathini, alikadiria madebe matatu. Sisi kwa siku nzima, watu watano na wadogo zangu wawili humohumo, tulitumia mawili. Akaenda kwa Baba, aliyekuwa akisoma, nami nyuma yake na chupa yangu. Alieleza yote. Hakunificha, wala hakunisema vibaya.

Baba alisikiliza. "Kwa hiyo hazikuwa na ugonjwa."

"Hazikuwa."

"Lakini nilisema, si tone la maji ya nyumba hii."

"Ulisema zikifa," Mama alijibu. "Hazijafa."

"Maji ya nyumba hii ni ya kunywa na kupikia. Ungesikia watu: nyumba ya mwalimu wa kanisa, watoto wana kiu, kabichi zinaogeshwa." Akaendelea kusoma. Mama akatoka.

Alhamisi asubuhi tulipoamka, madebe mawili hayakuwepo, na Baba hakuwepo. Ilipofika saa nne nikasikia kelele njiani. Mnajua wenzangu, kwetu enzi zile mwanamume kuonekana anateka maji ya nyumbani ilikuwa ni hadithi ya mwaka mzima. Baba alikuwa anakuja na mti begani, debe mbele na debe nyuma, kanzu imelowa mpaka kiunoni, na nyuma yake wanawake waliotoka chemchemi wamejipanga kama maandamano.

"Baba Hilda!" Mama Zainabu alikuwa anamwita kwa sauti ya kijiji kizima. "Leo zamu yako? Na jioni utatwanga?"

"Nikitwanga nitakuita uje upepete."

"Lo! Mama Hilda, njoo utuuzie siri! Umempa nini huyu?"

Baba aliyatua madebe kando ya matuta. Maji mengi yalikuwa yamemwagika, maana hakujua habari ya tawi la majani. Alimwambia Mama, akihema, "Nilisema maji ya nyumba hii. Haya si ya nyumba. Haya nimeyateka mimi." Akazunguka nyumba, akarudi kuteremka mlima mara ya pili.

Tuliosha mchana kutwa. Mama alinifundisha kushika jani kwa kiganja chini yake, kulilaza ili maji yatiririke kuelekea kwenye shina yasiingie kwenye moyo wa kabichi, kulisubiri lilowe, ndipo kupitisha kitambaa mara moja bila kusugua. Majani ya nje yaliyokwisha chacha na kunuka tuliyakata, tukayafukia mbali. Jua la mchana likakausha yaliyobaki. Ijumaa asubuhi nilikimbilia bustanini, na moyo ukanishuka: weupe mwembamba ulikuwa ungalipo, kama pumzi juu ya kioo. Mama akapitisha ncha ya kidole. Weupe ukatoka, chini yake jani likang'aa kijani.

"Huu ni wake," alisema. "Kabichi yenye afya huzaliwa nao. Tazama hata zile za ukutani. Tone la maji likianguka juu yake huviringika. Usimvue."

Jumamosi bwana shamba akapita. Alikuta Mama amesimama mbele ya matuta matatu, chupa mkononi, Baba kando yake. Alianza kusema kwa ukali, Baba akamwambia kwa upole, "Bwana Shamba, inama kidogo." Kijana akainama. Mama alikuwa ameacha kwa makusudi jani moja bila kuliosha. Alimpa chupa aweke tone mwenyewe. Alipoona bluu ile akavua kofia, akachutama kabisa, magoti kwenye udongo na soksi zake zote, akaanza kugeuza majani moja baada ya jingine.

"Hili sikufundishwa," alisema.

"Hata mimi," Mama alijibu. "Nimefundishwa na binti yangu, naye kafundishwa na makosa."

Kabichi thelathini na tatu zilifunga vichwa. Ya kwanza tuliikata Jumapili, Mama akaipika kwa nyanya na njugu zilizotwangwa. Mama Zainabu alikuja na bakuli lake bila kualikwa, akala, akaomba nyingine. Baba alitafuna polepole, akasema, "Majani." Kisha akasogeza sahani aongezewe. Kipupwe kilichofuata hakuna aliyezungumza habari ya tone la maji; siku moja tulimkuta tu Baba ameshika jembe, anachimba tuta la nne. Na wanawake wa kijiji wakaanza kumwendea Mama na maswali yasiyohusu pasi.

Wote wawili nimekwisha wazika. Leo nina bomba uani, ambalo siku nyingi linatoa maji, na kabichi zinakuja sokoni kwa lori kutoka mbali. Mwezi uliopita nilimwona kijana wa jirani anapulizia dawa matuta yake yote. Nikamwuliza anatibu nini. "Bibi, huoni weupe huu?" Nikapitisha kidole kwenye jani, ulikuwa ule wa kuzaliwa nao. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia dawa tayari ameichanganya, akaendelea. Maji nilitumia mengi jioni ile kunawa mkono, nikayaacha yaende zake. Nyumbani kwangu leo hakuna anayenikataza maji ya kumwagilia, hata nikiyatumia ovyo. Wala hakuna anayeweza kuniudhi kwa neno lake, kisha, ili asilivunje, akateremka mlima mara mbili kuniletea.